Mdogo wangu karudi kwenye unga baada ya miezi sita ya matibabu. Tumfukuze?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi na mama yangu mzazi pamoja na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 29, na habari zake ndizo zinazonifanya nikuandikie. Alianza bangi akiwa na miaka 17, mwaka ule ule aliofariki baba. Baadaye akaingia kwenye unga, yaani heroini. Tumehangaika naye miaka mingi, mpaka mwaka jana akakubali mwenyewe kwenda nyumba ya soba, wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya. Alikaa miezi sita.

Aliporudi, Shangazi, tulimwona mtu mpya. Alikuwa amenenepa, akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza simu, jioni yuko nyumbani. Kitu kimoja tu kilinitatiza: alikuwa mkimya mno. Unamkuta ameshika bisibisi mkononi, simu iko mbele yake, nusu saa nzima hajafungua hata skrubu moja. Nikimuuliza ana nini, ananijibu, "Sina kitu, dada. Sisikii chochote tu." Mama aliona ni kiburi, akawa anamsema kila siku.

Ikapita kama miezi miwili. Siku moja nakunja shuka zake nikakuta chini ya godoro karatasi ya foili yenye mstari mweusi katikati, na bomba la kalamu lililokatwa. Nilipomuuliza hakukataa. Alilia. Alisema alikutana njiani na rafiki yake wa zamani wa maskani, na alipomwona tu tumbo likaanza kumkata na makamasi kumtoka, kama mtu mwenye arosto, yale mateso ya kukosa unga, wakati ameshakaa miezi minane bila kugusa. Mimi hapo sikumwamini.

Tangu siku hiyo mambo yameharibika. Akipata unga anavuta. Akikosa anakunywa pombe kali tangu asubuhi, na sasa ni zaidi ya mwezi hakuna siku inayopita bila kunywa. Wanaomdai wanakuja mpaka mlangoni. Mama anawalipa kwa siri, ameshauza vitu vyake vya thamani.

Jumapili tuna kikao cha familia. Kaka yetu mkubwa anataka tumfungie chumba cha uani, tumpelekee chakula na maji, mpaka sumu yote imtoke. Mjomba anasema kuna dawa inaitwa methadoni, ila yeye mwenyewe haikubali, anasema ni kutoka ulevi mmoja kuingia mwingine. Wengine wanasema tumfukuze, sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nimechoka na ninawaogopea wanangu, lakini kumtupa mdogo wangu siwezi.

Naomba unieleze: hii ni maradhi kweli, au ni kutaka kwake? Ile miezi sita ilikuwa bure? Na Jumapili niseme nini?

Dada mtu

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na kaka yako, kwa sababu hilo wazo la kumfungia chumbani ndilo linaloweza kuua haraka kuliko yote uliyoyaandika. Mwambie hata kabla ya Jumapili.

Mtu anayekunywa pombe kali kila siku hakatishwi ghafla bila daktari. Ndani ya saa 6 hadi 48 tangu kinywaji cha mwisho anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huingia kwenye hali mbaya zaidi: homa, moyo kwenda mbio, mwili mzima kutetemeka, kuweweseka, kuona wadudu na watu ambao hawapo. Hali hiyo ikiachwa inaua. Ikitibiwa hospitalini wengi huvuka salama, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Sasa mlango ukiwa umefungwa kwa nje, nani atajua kwamba kijana kaanguka? Kama anatumia na vidonge vya usingizi, hatari ni ile ile, kwa hiyo muulizeni kwa upole na mpate jibu la kweli.

Arosto ya unga yenyewe ina ratiba yake. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho: miayo, machozi, makamasi, jasho, kisha tumbo, kutapika, kuharisha, misuli kukaza, usingizi kupotea. Siku ya pili na ya tatu ndipo inapokuwa kali, na kwa kawaida huisha kati ya siku 4 na 10. Ni mateso makubwa, ingawa ni mara chache yenyewe kumwua mtu, isipokuwa maji yakimwishia mwilini kwa kutapika na kuharisha. Tuseme basi kaka yako amefanikiwa. Siku kumi zimepita, kijana anakula, mlango unafunguliwa, nyumba inashangilia. Hapo ndipo hatari ya pili inapoanza, na familia nyingi huwa haziijui.

Mwili unaotumia unga kila siku huuzoea. Kiasi ambacho kingemlaza mgeni, yeye kinamwondolea arosto tu. Akikaa siku chache au wiki chache bila kutumia, mazoea hayo yanatoka mwilini, lakini kichwani bado anakumbuka kipimo chake cha zamani. Siku akirudi akatumia kile kile, pumzi inakata. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, hospitali au nyumba ya matibabu ni wiki za vifo vingi kwa watumiaji wa unga. Mdogo wako alipoanguka baada ya miezi minane alipita kwenye mlango huo akatoka hai. Msimrudishe hapo hapo kwa kufuli.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta wiki hii ni daktari, na la pili ni dawa inayoitwa naloksoni. Hupulizwa puani au huchomwa sindano, na humrudishia pumzi mtu aliyezidisha unga ndani ya dakika chache. Ulizeni kliniki inayohudumia waraibu namna ya kuipata, na mfundishwe kuitumia nyote, hata mama. Dalili mzijue: hamumwamshi hata mkimtikisa na kumwita kwa nguvu, anakoroma koromo lisilo la kawaida au anapumua kwa nadra, midomo na kucha zinageuka rangi, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Hapo mwite msaada wa dharura, mpeni dawa, mpulizieni pumzi kama hapumui. Akianza kupumua mlazeni ubavu na msimwache peke yake, kwa sababu naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 tu na unga unaweza kuwa bado uko mwilini. Msimpeleke bafuni kumwagia maji, na msimwache "alale itaisha".

Sasa mjomba. Mheshimu, lakini kwenye hili familia isimfuate. Methadoni ni dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Inafanya kazi taratibu na hukaa mwilini siku nzima na zaidi, hivyo mtu aliyepewa kipimo sahihi hapati ule mpando wa kulewa na hapati arosto. Anaamka, anakwenda kunywa dawa yake, anakwenda kazini. Madaktari wa Marekani walianza kuitumia kutibu uraibu wa heroini katikati ya miaka ya 1960, na tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu pamoja na nyingine iitwayo buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi. Kwa waraibu wa unga, kuwa kwenye dawa hizi hupunguza vifo kwa takribani nusu. Mjomba akisema ni ulevi mwingine, muulize: mlevi gani anayeamka asubuhi bila kumdanganya mtu, bila kuiba, bila kukimbizwa na wanaomdai, akatengeneza simu za watu mpaka jioni?

Tena hutumiwa kwa muda mrefu. Wengine huhitaji miaka, na kuikatisha mapema kwa sababu ndugu wanaona aibu ni njia ya kurudi kwenye foili. Ila daktari lazima aambiwe habari za pombe bila kuficha. Methadoni na pombe kali kwa pamoja zinaweza kuikata pumzi. Huenda wakataka kwanza kumtoa kwenye pombe akiwa wodini, na mkubali. Kama aliwahi kujidunga, apimwe pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini B na C. Hiyo C siku hizi hupona kabisa, wengi kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12.

Mwanangu, sentensi moja ya mdogo wako imenikaa moyoni kuliko habari zote za foili na madeni. "Sisikii chochote tu." Mama aliona kiburi. Alikuwa anakutajia dalili ya ugonjwa wake, na hakuna aliyemwambia kwamba ina jina na ina mwisho.

Ubongo una njia inayotusukuma kutafuta vinavyotuweka hai, chakula, mapenzi, kukaa na watu, na kutukumbusha tuvirudie. Kemikali inayofanya kazi kubwa humo ni dopamini. Unga, pombe, kokeini, vyote huifungulia kwa nguvu ambayo maisha ya kawaida hayana. Ubongo haukai kimya. Unapunguza vipokezi vyake, yaani sehemu zinazoipokea dopamini, na unajishusha ili uvumilie mafuriko hayo. Mtu akiacha, mafuriko yamekwisha lakini vipokezi bado viko chini. Basi mtoto akimchekea hasikii kitu, kazi ikiisha vizuri hasikii kitu, mpira ukichezwa hasikii kitu. Hali hiyo yaweza kudumu miezi. Daktari Nora Volkow na wenzake walipiga picha za ubongo za watu walioacha methamfetamini, wakachapisha matokeo mwaka 2001: baada ya mwaka na zaidi bila kutumia, sehemu ya mfumo huo wa dopamini ilikuwa imerudi kwa kiasi kikubwa, ingawa si kila kitu kilikuwa kimerudi sawa. Unga si methamfetamini, lakini njia hiyo ya ubongo ndiyo hiyo hiyo, na funzo ni kwamba unahesabu miezi, tena mingi.

Mdogo wako alikuwa kwenye mwezi wa nane. Kanenepa, nyumba nzima inampongeza, na ndani yake ni pakavu. Halafu kila siku anaambiwa ana kiburi. Nadhani alianza kuamini kwamba hivyo ndivyo maisha ya bila unga yatakavyokuwa mpaka kufa. Mtu akishaamini hivyo, hahitaji rafiki wa maskani kumshawishi sana. Ukikaa naye tena, mwambie hili waziwazi: ule ukavu ni sehemu ya kupona, na unaisha. Na daktari amwangalie kama ana sonona, maana sonona inatibika, na kijana aliyeanza kuvuta mwaka aliozika baba yake huenda hajawahi kumlilia baba huyo sawasawa. Hilo ni la kupeleka kwa mshauri nasaha. Kwenye kikao chenye watu kumi halifai.

Tuje kwa huyo rafiki wa njiani. Wewe hukumwamini mdogo wako aliposema tumbo lilimkata. Mwamini. Mwili hujifunza kujiandaa. Ukizoea kupata unga mahali fulani, pamoja na mtu fulani, ukiona kiberiti fulani, mwili huanza mapema kujipinda upande wa pili ili kuupokea unga unaokuja. Unga usipokuja, kule kujipinda peke yake ndiko kunakohisiwa kama arosto. Mwaka 1982 mtafiti Shepard Siegel na wenzake walionyesha kwa panya nguvu ya jambo hili: panya waliozoeshwa heroini walipopewa dozi kubwa mahali walipozoea kuipata, 32% walikufa, wenzao waliozoeshwa vivyo hivyo lakini wakapewa dozi ile ile mahali pageni, walikufa 64%. Mahali pekee palibadilika. Kwa hiyo tumbo la mdogo wako halikusema uongo, na hiyo ni sababu nyingine inayonifanya niogope anapovuta kwa kujificha sehemu asizozizoea.

Na ndiyo maana mazingira yana uzito kuliko viapo. Wakati wa vita vya Vietnam, wanajeshi wa Marekani wengi walitumia heroini huko. Mwanajeshi mmoja kati ya watano hivi alikuwa mraibu. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi nyumbani mwaka 1971. Serikali ilitarajia janga, lakini wengi wao hawakurudia uraibu. Walikuwa wameondoka kwenye mahali, watu na hofu vilivyofungamana na unga. Mdogo wako alifanyiwa kinyume: alipona mbali, kisha akarudishwa kwenye barabara ile ile, laini ya simu ile ile yenye namba zile zile, meza ile ile ya kazi, na pesa taslimu mfukoni kila jioni. Abadilishe namba ya simu. Apite njia nyingine hata kama ni ndefu. Malipo yake ayapokee mtu anayemwamini yeye mwenyewe, kwa ridhaa yake, kwa miezi kadhaa ya mwanzo. Akitoka na simu ya mteja atoke na mtu. Na uchu ukimjia ajue tabia yake: unapanda, unafika kileleni, unashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Nusu saa hiyo asikae nayo peke yake. Ampigie mtu. Mtu huyo akiwa ni mraibu mwenzake aliyekwisha kaa miaka bila kutumia, ni bora kuliko mimi na wewe.

Umeuliza kama ni maradhi au kutaka kwake. Kuvuta mara ya kwanza alichagua, akiwa mtoto wa miaka 17 mwenye msiba. Karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mraibu hutokana na urithi wa damu, ambao hakuna anayeuchagua. Baada ya hapo ubongo unabadilika, na uwezo wa kujizuia ndio unaoumia zaidi. Hata hivyo sikubali kwamba hana sehemu yake. Dawa ainywe yeye, simu apige yeye, na ukweli auseme yeye. Mgonjwa wa presha naye hakuichagua presha, na bado vidonge anameza mwenyewe. Nimetaja presha kwa sababu maalumu: madaktari walipolinganisha maradhi haya mwaka 2000, waligundua kwamba wagonjwa 40% hadi 60% wa uraibu hurudia kutumia baada ya matibabu, na wa presha na pumu hali zao huharibika tena kwa 50% hadi 70%, wengi kwa kuacha masharti. Mwenye presha ikipanda tunamkimbiza hospitali na kubadilisha dawa. Hatusemi sikio la kufa.

Kwa hiyo ile miezi sita haikuwa bure. Alijifunza kuishi bila kutumia, na ubongo wake ulipumzika miezi minane. Kilichokosekana ni kilichopaswa kufuata: dawa, mshauri wa kumwona kila wiki, kikundi cha wenzake, na nyumba inayojua inachokiona. Kuondoa sumu mwilini ni kazi ya siku chache. Kujenga maisha ambayo unga hauna nafasi ni kazi ya miaka, na habari njema ni kwamba kadiri muda unavyokwenda inakuwa rahisi. Utafiti wa Marekani uliowafuata watu kwa miaka 8, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba katika waliokuwa na chini ya mwaka bila kutumia, takribani theluthi moja tu ndio waliodumu mwaka uliofuata. Waliokwisha pita miaka mitatu, waliodumu walikuwa zaidi ya 80%. Mdogo wako alianguka kwenye kipande kigumu kuliko vyote cha njia, na alianguka bila msaada.

Mama sasa. Anachofanya anakifanya kwa mapenzi, kwa hiyo asisemwe mbele ya watu. Lakini kila deni analolilipa kwa siri linamwambia mwuza unga kwamba nyumba hii inalipa. Kaeni naye wawili, mkubaliane: pesa taslimu hapewi, na deni jipya halilipwi. Nauli ya kliniki, dawa, chakula, vinalipwa moja kwa moja, bila kubaniwa. Wanaomdai wakitishia, hilo ni suala la usalama, lipelekeni kwa vyombo vya sheria au wazee mnaowaamini.

Kumfukuza, kwa hali aliyonayo leo, mimi sishauri. Mtu anayevuta na kunywa kwa pamoja, akilala peke yake mahali pasipo na mtu wa kumtikisa, anakufa usingizini. Lakini wanao wana haki yao. Nyumba iwe na masharti machache yanayotekelezeka: hakuna kutumia ndani ya nyumba, hakuna watu wa maskani mlangoni, foili na vifaa vyake visionekane, dawa zote zifungiwe mahali watoto hawafiki. Akileta fujo au akamtisha mtoto, atalala kwingine siku hiyo hiyo, kwa ndugu aliyekwisha kukubali kabla. Mtafuteni ndugu huyo sasa, kabla hasira hazijapanda.

Kikao cha Jumapili kinanitia wasiwasi. Kumzunguka mtu na kumwaga makosa yake yote kwa zamu hakujasaidia watu kama inavyodhaniwa. Mwaka 1999 watafiti walilinganisha njia tatu za kuwasaidia ndugu wa watu wanaokataa kutibiwa pombe. Njia ya kikao cha kumkabili iliwaingiza kwenye matibabu 30%. Njia aliyoianzisha Robert Meyers na wenzake, inayowafundisha ndugu namna ya kuishi na kuzungumza na mraibu, iliwaingiza 64%. Mafunzo yake si magumu. Usigombane naye akiwa amelewa. Akiwa yuko sawa, hata kama ni saa moja ya asubuhi, kaa naye, mfurahie, mwachie nafasi aone tofauti. Akilewa ondoka kwa amani, usimpikie wala kumfulia uchafu wa ulevi wake. Sema maneno machache, ya kwako, ya jambo moja. Na ombi la matibabu lisubiri dakika ambayo yeye mwenyewe anaumia na hali yake. Dakika hiyo ikifika, kila kitu kiwe tayari: jina la kliniki, siku, saa, na wewe wa kumsindikiza. Ukianza kutafuta namba ya simu baada ya yeye kusema ndiyo, kufika jioni ile ndiyo imeshageuka.

Tumia siku hizi kabla ya Jumapili kutafuta kliniki. Waulize mambo matatu: mnahudumia pombe na unga pamoja, mna methadoni au buprenofini, na baada ya kutoka mnamfuatilia vipi? Wasiojibu la tatu, endelea kutafuta. Ukiambiwa kuna mahali wanafunga watu minyororo au kuwapiga wapate kuacha, usimpeleke. Na kama kuna kikundi cha ndugu wa waraibu karibu nawe, nenda wewe, hata kama yeye amekataa kila kitu. Umesema umechoka, na kuna wenzako wanaojua uchovu huo bila wewe kuueleza.

Kikaoni zungumzeni ninyi wakubwa bila yeye kuwepo: nani atampeleka, nani atakaa na watoto, nani atashika pesa zake, nani ataweka naloksoni. Kaka yako mwenye nguvu za kufunga mlango mpe kazi ya kumsindikiza kliniki kila asubuhi kwa miezi ya mwanzo. Kisha asubuhi moja mdogo wako akiwa hajanywa bado, ingia chumbani kwake peke yako, umwambie: "Uliponiambia husikii chochote sikukuelewa, sasa nimeelewa. Kuna daktari anaweza kusaidia hilo, na la pombe, na la unga. Alhamisi saa mbili, mimi nakwenda na wewe." Akikataa usibishane, na kliniki usiifute. Waombe siku nyingine, umwambie tena.

Shangazi